Viatu Visivyouma

Kambini, 4 Machi

Kaka Fundi,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua ukisimama tu unaanza kazi, na barua inaishia chini ya kopo la gundi. Shikamoo kaka. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ndiyo yenye afya kutuzidi sote.

Mheshimiwa wangu hajambo? Anakula? Bado analala mguu mmoja uko nje ya shuka? Mwambie, "Mama yako anakusalimu," halafu mwangalie usoni uniandikie alivyofanya. Usiandike "amefurahi", kaka, nakujua. Andika alivyofanya.

Simu huku haishiki, ndiyo maana unaona karatasi. Lori la chakula likipanda, dereva anatuletea viazi na malalamiko. Likishuka, anabeba barua hadi posta. Tumepiga mahema chini ya ukuta wenyewe. Ukiinua shingo kuutazama, kofia inaanguka. Asubuhi mwamba ni wa kijivu, mchana unakuwa rangi ya mkate uliokolea moto, na mimi nakaa na kikombe changu nikiutazama kama mtu anayetazama nyumba ambayo atahamia.

Kaka, nina habari. Unajua nilivyoanza, nafuta vioo vya maghorofa nikining'inia na ndoo, ukasema hiyo ni kazi ya popo. Ndipo Kiongozi wa timu yetu ya kukwea miamba aliponiona, akauliza kama nimewahi kugusa mwamba, nikamjibu nimegusa kioo tu, na kioo kinateleza kuliko mwamba. Tangu hapo nimeshindana kwenye kuta za kumbi za kukwea, nimepanda milima ya theluji nikiwabebea watu kamba zao, nimekuwa mkweaji wa kulipwa kama wengine. Lakini siku zote nimekuwa wa pili kwenye kamba. Anayetangulia ndiye anayeipeleka kamba juu. Akiteleza anaanguka mpaka kamba imkamate. Wa pili ameshikwa kutoka juu, akiteleza anabembea tu kama shati lililoanikwa. Na njia mpya ikifunguliwa, anayetajwa ni aliyetangulia.

Safari hii Kiongozi amesema kipande kigumu nitatangulia mimi. Tumekiita Bapa, kwa sababu ni laini kama mlango na hakina pa kushika. Mikono haisaidii kitu. Unasimama kwa soli na imani. Nikikipita, kampuni ya kamba inayogharamia safari yetu itaniajiri moja kwa moja, na kazi hiyo ina chumba mjini, na shule iko mtaa wa pili. Umeelewa ninachosema? Namchukua mwanangu. Ataishi na mimi. Nilimwacha kwako hajajua hata kufunga kifungo, na hujawahi kunung'unika, lakini nimechoka kuwa mama wa kwenye bahasha.

Natuma viatu vyangu vya kukwea. Soli imeisha mbele, na hakuna ninayemwamini kuiweka ila wewe. Vidole vyangu navyo vimejikunja kama tangawizi, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Ungeviona ungelia. Usilie, weka soli.

Mbusu Mheshimiwa kwenye kishimo cha shavu.

Mdogo wako,
Mjusi


Dukani, 23 Machi

Mjusi,

Marahaba. Barua ilinikuta nimesimama, nikakaa kwa ajili yako, na mteja mmoja akaondoka amenuna. Sisi wazima. Goti langu linauma pale pale, kuhusu goti sina habari mpya.

Salamu kwa Mheshimiwa nimefikisha. Alikuwa na shughuli.

Nywele zake nilijaribu kuzisuka mwenyewe. Mshona nguo wa duka la jirani akapita, akasimama, akauliza kama namsuka au namtia soli. Siku hizi anamsuka yeye, kila Jumamosi, na binti yako anatulia kama mtu anayepigwa picha. Akimaliza anakuja kukaa kwenye kiti chake mlangoni na kupokea wateja wangu. Kila anayefika anaambiwa, "Njoo kesho." Hata ambaye kiatu chake kiko tayari, kimeng'arishwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mjomba, si wewe ndiye husema hivyo?"

Viatu vimefika. Nilipofungua nilidhani umekosea ukatuma vya mtoto. Niliingiza mkono ndani nikakutana na ukuta. Mjusi, mimi nimeshika sindano ya viatu tangu baba akiwa hai, na sijawahi kumtoa mtu dukani anachechemea. Hiyo ndiyo fahari yangu, sina nyingine. Soli nimeweka raba nzuri, nyembamba mbele, nikaisugua mpaka ikawa inashika kama ulimi wa paka. Na kuna jambo jingine nimekufanyia. Sikwambii. Utalijua ukivaa.

Kuhusu chumba cha mjini, nauliza tu: hakina unyevu? Unakijua kifua cha Mheshimiwa. Na hiyo shule inapokea watoto wa umri gani? Nauliza tu.

Kaka yako


Kambini, 9 Aprili

Kaka, shikamoo,

Naandika haraka, dereva anapiga honi. Mambo yako ya nyumbani nimeyasoma nikacheka mpaka hema likatikisika. Viatu vimefika jioni hii. Vinanukia duka lako, nikakaa navyo puani mpaka Kimya akanitazama vibaya. Kimya ndiye mwenzangu wa kamba, anayenishika nikikwea, na jina hilo hakupewa bure.

Nimevivaa. Vidole vyote vimenyooka. Asante kaka. Najua umevihangaikia.

Mawingu yametawanyika, na Kiongozi anasema ni kesho au ni baada ya masika, hakuna katikati. Kwa hiyo ni kesho. Mwambie Mheshimiwa... basi, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe nikija kumchukua.

Mjusi


Dukani, 6 Mei

Mjusi,

Tunaendelea. Goti limetulia, limemwachia bega zamu. Mheshimiwa ameng'oka jino la mbele, na amegundua kwamba akipuliza penye pengo anatoa mluzi. Mtaa mzima umegundua pamoja naye.

Uliandika "ni kesho". Tangu hiyo kesho yako sijapata neno. Kwanza nilijiambia lori limeharibika. Kisha nikajiambia daraja limesombwa. Nikaja nikajiambia posta wamegoma. Sasa nimemaliza vitu vya kulaumu.

Ulilipita hilo Bapa? Na viatu vilikuwaje? Sikuulizi ili unisifu. Kidogo ndiyo, nakuulizia sifa. Lakini hasa nataka kujua vidole vyako vinaendeleaje.

Kaka yako


Mjini, 19 Mei

Kaka yangu, shikamoo,

Nisamehe kwa ukimya. Niko salama. Angalia anwani hapo juu, nimeshuka mjini kwa muda, kuna mambo ya timu ya kushughulikia. Huo mluzi wa Mheshimiwa nimeujaribu hapa, bila pengo hautoki. Jino lenyewe liko wapi? Usilitupe.

Mvua ilikuwa kubwa mwaka huu. Kambi iligeuka matope, tukawa tunakula tumesimama. Kabla haijaanza, Bapa lilipitwa, na Kimya ndiye aliyetangulia. Ilionekana ni vizuri tubadilishane. Alikwea vizuri sana, kwa utulivu wake ule, mtu ungedhani anapanda ngazi za kwao. Nilimfurahia. Kwa hiyo mambo ya kampuni na chumba yatangoja msimu ujao, na nakuomba unishikie Mheshimiwa kidogo zaidi. Kidogo tu.

Hapa nilipopanga ni chini kabisa, hakuna ngazi hata moja, jambo zuri sana. Mwenye nyumba ni mama mmoja anayeuza vitabu vikuukuu, duka lake liko chumba cha mbele. Asubuhi ananiletea chai hadi kitandani na kunisomea kurasa za mwisho za hadithi, anasema za mwanzo hazina maana. Tunaelewana.

Mwambie Mheshimiwa mama anakusalimu. Halafu unajua la kuandika.

Mdogo wako


Dukani, 10 Juni

Mjusi,

Marahaba. Jino liko kwenye kopo la misumari, mwenyewe ndiye aliyelichagulia mahali. Salamu amepata.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilikuuliza viatu vilikuwaje, ukanijibu mvua ilivyokuwa. Mtu kazi yake ni kupanda kuta, halafu anashangilia nyumba isiyo na ngazi. Na hiyo chai ya kitandani ananywa nani? Wewe, uliyekuwa ukituamsha kwa kurukia kabati?

Sasa sikiliza. Wiki hii alikuja mcheza mpira mmoja, mlinda mlango, mtu mzima na ndevu zake. Kaleta viatu vya mpira nivitie soli. Nikavipima kwa mkono, nikamwambia, "Hivi vinakubana bwana, acha nikutanulie." Akavinyakua mezani kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Fundi, wewe gusa soli tu. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, mimi nitaupangua mpira gani?"

Akaondoka, nikabaki nimeshika nyundo.

Vile vyako nilivitanua, Mjusi. Nililowesha ngozi, nikavivisha kwenye kalibu, ile ya mbao yenye umbo la mguu, nikachagua inayokuzidi, nikaviacha humo mpaka vikalegea vizuri. Ndiyo zawadi yenyewe niliyokuficha. Nilitaka vidole vyako vipumzike. Sasa nijibu ninachokuuliza. Viatu vyangu vilikuangusha?

Usiniandikie mvua.

Kaka yako


Mjini, 27 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Mwenye nyumba ameniambia karatasi zake si za kutafuna, kwa hiyo hii lazima iende.

Ndiyo. Nilianguka.

Nilipovivaa jioni ile nilijua. Mguu ulikuwa unaogelea. Kiatu cha kukwea, kaka, lazima kiume. Kidole kikijikunja ndani kinakuwa kigumu, ukasimama kwenye kijinundu kidogo kama punje ya mahindi, na mguu na kiatu vinakuwa kitu kimoja. Hilo sikukuandikia. Nilikuandikia tu kwamba vinaniuma, kama mtoto anayetaka kupuliziwa kidonda, na wewe ukapuliza. Nikavaa soksi mbili. Asubuhi, kabla ya kuondoka chini, kila mmoja hukagua fundo la mwenzake, ndiyo desturi yetu, hata bingwa haruki hapo. Kimya akalivuta fundo langu kiunoni, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na viatu?" Nikasema viko sawa. Fundo la mtu unaweza kulivuta. Neno lake huwezi.

Nilifika katikati ya Bapa. Kaka, nilikuwa nakwea vizuri, hilo waulize wote waliokuwepo. Nikahamishia uzito mguu wa kulia. Soli ilishika, vile vile ulivyosema, ulimi wa paka. Ila mguu uligeuka ndani yake. Raba yako haikuteleza, nataka ulijue hilo. Mguu ndio ulioondoka, kiatu kikabaki kinashangaa. Kamba ilinikamata, lakini kisigino kilikuwa kimeshagonga ukingo wa mwamba. Kimevunjika. Kimya, ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko, aliyamwaga ya mwaka mzima kwa mpigo, mengine sikujua kama anayajua.

Daktari anasema mfupa utaunga. Kutembea nitatembea. Kuhusu kukwea alisema "tutaona", na uso wake ulikuwa unasema kitu kingine. Mimi nimechukua neno lake, uso wake nimemwachia mwenyewe.

Usijilaumu. Ningeweza kungoja masika yapite, tukatafuta viatu vingine. Sikutaka kungoja. Nilikuwa nimeshakiona kitanda kidogo cha Mheshimiwa pembeni ya changu, na shuka lake, na mguu wake nje ya shuka. Hicho ndicho kilichonipandisha pale na kiatu kilicholegea. Nilikuficha kwa sababu najua fahari yako ni ipi, nami sikutaka niwe mimi wa kuivunja.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Kila mara nakuuliza mwanangu anafanya nini ukimpa salamu zangu, na wewe unaniandikia nywele, meno na wateja. Mbona hujawahi kuandika kwamba ananiulizia?

Mdogo wako


Dukani, 11 Agosti

Mdogo wangu,

Ukimya huu ni wangu, usilisingizie lori.

Barua yako ilipofika nilifunga duka. Wateja walikuta mlango umebanwa na Mheshimiwa nje akiwaambia waje kesho, na siku hizo alikuwa anasema kweli. Nilikuwa ndani, kalibu mapajani. Maisha yangu yote nimetengeneza kiatu kisichouma, na hicho hicho ndicho kimemvunja mdogo wangu. Sikujua nitawatazamaje watu wanaoniletea miguu yao. Nilifungua tena baada ya mshona nguo kunigongea.

"Fundi, huzuni yako naiheshimu," akasema, "lakini viatu vyangu viko humo ndani, na mimi natembelea malapa kama niko bafuni."

Nikafungua.

Swali lako nimelikwepa kwa sababu sikuona namna nzuri ya kulijibu. Hakuulizii. Mwanzo alikuulizia kila asubuhi. Baadaye siku mojamoja. Sasa picha yako iko ukutani na anajua huyo ni mama, kama anavyojua kile ni kioo na ile ni saa. Nikimpa salamu zako anasema "haya" na kuendelea na mchezo wake. Si kwamba hakupendi. Alikungoja sana, akachoka, akakaa chini kama mtu yeyote anayechoka kusimama.

Na kuna la pili. Nilipokuwa naulizia unyevu wa kile chumba, sikuwa naulizia unyevu. Sikutaka aende. Ulipoandika nimshike kidogo zaidi, nilifurahi, Mjusi, kabla hata sijajiuliza umeshukia nini mjini. Nimejiuliza mpaka mikono yangu, kama ilijua inachofanya wakati inatanua vile viatu. Nadhani haikujua. Nadhani ilikuwa ni huruma tu. Lakini nimejiuliza, na sipendi kwamba ilibidi nijiulize.

Kwa hiyo namleta. Usingoje ukuta, usingoje kampuni, usingoje hata kisigino. Ukisema upate kila kitu kwanza ndipo umchukue, utakuja kukuta mwanamke mzima. Kama kitanda ni kimoja, mlale mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, mbona sisi tulilala hivyo na tukakua.

Ninachotaka ni miguu yako. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa uzito wote, mtu akuzungushie penseli. Miguu yote miwili, maana uliovunjika hautafanana tena na mwenzake. Nakushonea vipya. Na uniandikie, kidole kwa kidole, vinavyotakiwa kuuma. Sijawahi kushona kitu kama hicho. Nitakaza.

Kaka yako


Mjini, 25 Agosti

Kaka, shikamoo,

Karatasi ziko ndani. Wa kulia ndio ule wenye umbo la kiazi. Mama wa vitabu alinishika bega nisianguke huku anachora, ndiyo maana mstari umetetemeka penye kisigino, usiufuate huo mtetemo.

Kidole gumba kijikunje mpaka kilalamike. Vingine vinne vimfuate mkubwa wao. Kisigino kisipate hewa hata kidogo. Nikivivaa niweze kusimama, nisiweze kutembea. Ukiona huruma inakujia, toka nje kwanza, ikikuisha urudi kazini.

Uliyoandika kuhusu Mheshimiwa yameniliza, sitakudanganya. Niliishia pale penye saa na kioo, nikaweka barua chini. Halafu nikanawa uso nikaanza kupanga chumba. Kuhusu kufurahi kwako, nami ningekuwa wewe ningefurahi. Nani angetaka kumtoa?

Nimepata kazi kwenye ukumbi wa kukwea wa hapa mjini, kuwafundisha wanaoanza. Nasimama chini na kushika kamba, na wamenikubali pamoja na magongo yangu. Kampuni ikiniita msimu ujao nitaitika nikiwa na mtoto mkononi. Wasiponiita, iko miamba mingi ambayo haina kampuni.

Njoo naye kaka. Chumba hakina unyevu.

Mdogo wako


Mjini, 2 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nashukuru umefika salama na kwamba basi halikukusumbua goti. Nakuandikia mambo kama yalivyo, matamu na machungu.

Ulipoondoka Mheshimiwa hakulia. Alingoja tumefika nyumbani, akavua viatu vyake, akavipanga mlangoni vikitazama nje, ndipo akalia. Alikulilia usiku wa kwanza na wa pili, na baadaye akawa anakulilia mchana tu, kwa vipindi. Nywele alikataa nisimguse, akasema siwezi kama mshona nguo. Ni kweli siwezi. Asubuhi anakuulizia, jioni anakuulizia. Nimemwambia utakuja likizo ya shule, kwa hiyo ujue unakuja. Halafu wakweaji wa ukumbini wameviona viatu vipya ulivyoniletea, wakauliza kashona nani. Nikawaambia ni kaka yangu, lakini hapokei mguu wa posta, mpaka aushike mwenyewe. Hiyo nimeitunga. Tayari kuna watu wanaoosha miguu.

Mheshimiwa haniiti mama. Ananiita Mjusi, kama alivyokusikia wewe ukiniita siku zile mlipokuwa hapa. Naona lile neno la kwenye picha linamshinda kulihamishia kwa mtu anayekoroma. Mama wa vitabu alitaka kumsahihisha, nikamwomba amwache. Akiita, naitika.

Jumapili tulikwenda kwenye mwamba mdogo nyuma ya mji, mimi, yeye na Kimya, ambaye ameshuka kutoka kambini. Daktari amenipa ruhusa ya mawe madogo. Nilivivaa viatu vyako kwa mara ya kwanza nje ya ukumbi. Vinauma, kaka. Vinauma vizuri, kila kidole kwa nafasi yake, na kisigino kile kibovu kimekumbatiwa kama na mtu asiyetaka kukiachia. Kimya akalivuta fundo langu, kisha akainama, akavivuta na viatu. Sikusema viko sawa. Nilimwacha avute.

Nikatangulia. Ni mwamba ambao mtu mwenye miguu mizima angeucheka, lakini mimi nilikuwa sijatangulia tangu Bapa, na niliogopa. Nikapanda polepole. Soli ikashika, mguu ukatii. Nikaja nikasahau kuogopa. Nilikuwa nimeshaona nyasi za juu zinavyopepea, bado kunyoosha mkono tu, ndipo nikasikia chini:

"Mjusi."

Nikaitika.

"Shuka. Nina njaa."

Kimya aliinua macho, kamba mkononi, akangoja. Nilitazama zile nyasi. Maneno yalikuwa yameshanifika mdomoni: ngoja mwanangu, mama amebakiza kidogo tu. Ndiyo maneno niliyomwambia tangu amezaliwa.

Nikamwambia Kimya alegeze kamba. Nikashuka, nikavua viatu, nikakaa chini kwenye majani nikammenyea yai.

Mdogo wako